Kinachong'aa Sicho Kinachosukuma

Msimu wa kaskazi, kuanzia Disemba hadi Machi, mtu akisimama pwani ya Makunduchi usiku wa kiza na kuelekea kusini, anaweza kuiona galaksi nyingine kwa macho matupu. Ni doa la weupe hafifu lililojitenga na mkanda wa Njia ya Maziwa, yaani galaksi yetu, na wengi wetu tumeliona tukadhani ni kiwingu tu. Jina lake ni Wingu Kubwa la Magellan. Kulipata si kazi kubwa. Mwisho wa Januari, kiasi cha saa tatu za usiku, tafuta kwanza Suheli, nyota ile kali ambayo manahodha wa majahazi waliijua vizuri na ambayo kwenye ramani za nyota huandikwa Canopus. Nyoosha mkono, tandaza vidole: shibiri moja ni kiasi cha nyuzi 20 za mbingu. Suheli itakuwa shibiri mbili na ushei juu ya upeo wa bahari. Wingu liko chini yake, kulia kidogo, shibiri moja na robo hivi kutoka majini. Chagua siku za giza, zile ambazo wavuvi wa dagaa hutoka na taa zao, maana mwezi ukiwapo doa hilo hupotea. Mtu wa Cairo halioni hata siku moja, kwani kwake halichomozi kabisa. Sisi wa Unguja na Pemba tumebahatika kuwa kusini ya kutosha.

Galaksi hiyo iko umbali wa miaka ya nuru 160,000 hivi, na mwaka wa nuru ni umbali ambao nuru inaukata kwa mwaka mmoja. Ndani yake, darubini kubwa zinaonesha viputo vya gesi vinavyong'aa kwa wekundu na ubuluu, vingine vipana kiasi kwamba nuru inahitaji mamia ya miaka kuvikata kutoka ukuta mmoja hadi wa pili. Picha zake huzunguka sana kwenye simu zetu, na mara nyingi zinafuatana na maneno machache: "nyota imelipuka". Kwa baadhi ya viputo ni kweli mlipuko umeshiriki. Kwa vingi, nyota iliyokiumba kiputo ipo palepale katikati, nzima, inaendelea na kazi yake. Inavitengeneza kwa upepo.

Ugumu wa kuvielewa viputo hivi unatokana na jambo moja. Tunapoiona picha tunadhani kile kinachong'aa ndicho kilichosukuma, kwamba huo mduara mwekundu ndio upepo wenyewe. Sivyo. Upepo hauonekani kwenye picha hizo. Kinachong'aa ni gesi ya zamani iliyokuwapo pale kabla ya nyota kuzaliwa, iliyosukumwa pembeni na kurundikana kuwa ukuta, kisha ikawashwa na mwanga wa nyota ileile. Kusukuma ni kazi moja na kuwasha ni kazi nyingine, ingawa zote mbili zinatoka kwenye nyota moja. Mtu akizitenganisha kazi hizi mbili kichwani, mengi yaliyobaki hunyooka.

Tuanze na upepo. Jua letu nalo linavuma. Kila sekunde linamwaga angani zaidi ya tani milioni 1 za chembe, hasa protoni na elektroni, kwa mwendo wa kilomita 400 hivi kwa sekunde. Inasikika kuwa ni hasara kubwa, lakini kwa Jua si kitu: tangu lilipozaliwa miaka bilioni 4.6 iliyopita, upepo huo umelipunguzia kama sehemu 1 tu katika 10,000 za uzito wake. Nyota kubwa, zile zenye uzito mara 20, 40 au zaidi kuliko Jua, ni habari nyingine. Uso wake una joto la nyuzi 30,000 hadi 50,000, wakati wa Jua ni nyuzi 5,500. Upepo wake unakwenda kilomita 2,000 kwa sekunde na zaidi, na kwa mwaka unabeba kiasi ambacho ni makumi ya milioni ya mara kuliko upepo wa Jua. Katika miaka milioni 1, nyota ya namna hiyo inaweza kupoteza gesi yenye uzito sawa na Jua zima.

Mwanafunzi mmoja wa sekondari aliniuliza: "Mwalimu, huo upepo unapulizwa na nini, na huko hakuna hewa?" Ni swali zuri, na jibu lake ndilo sehemu ninayoipenda zaidi katika habari hii yote. Unapulizwa na nuru.

Nuru haina uzito kama wa jiwe, lakini ina msukumo. Ikigonga kitu, inakisukuma. Msukumo huo ni mdogo mno hata hatuuhisi tukiota jua, ila nyota kubwa inaweza kung'aa mara laki kadhaa kuliko Jua, na nuru yake nyingi ni mionzi ya urujuanimno, ile isiyoonekana kwa macho. Sasa, atomu haizuii kila rangi ya nuru. Kila aina ya atomu ina rangi zake maalumu inazozidaka, na nyingine zote zinaipita tu. Haidrojeni na heli, ambazo ndizo karibu gesi yote ya nyota, zina rangi chache za kudaka katika eneo hilo. Kaboni, naitrojeni, oksijeni na chuma, ambazo ni chache sana kwa hesabu, zina rangi maelfu kwa maelfu. Basi atomu hizo chache ndizo zinazopokea msukumo. Moja inadaka chembe ya nuru inayotoka chini na kusukumwa juu, kisha inaiachia chembe hiyo kwenda upande wowote, halafu inadaka nyingine kutoka chini. Kwa kuwa nuru inakuja daima kutoka upande wa nyota, mwisho wa hesabu atomu inakwenda nje. Njiani inagongana na haidrojeni na heli zilizoizunguka na kuzikokota pamoja nayo.

Hapa kuna fumbo lililowasumbua wataalamu. Ikiwa atomu za tabaka la chini zimeshaidaka rangi yao yote, za juu zitasukumwa na nini? Zingebaki kwenye kivuli. Jibu ni kwamba tabaka la juu linakwenda kwa kasi zaidi kuliko la chini, na kitu kinachokimbia kutoka kwenye chanzo cha nuru huiona nuru hiyo ikiwa imebadilika rangi kidogo kuelekea nyekundu. Ndiyo athari ya Doppler. Kwa hivyo atomu ya juu haitafuti rangi ileile iliyodakwa chini. Inadaka rangi ya jirani, ambayo hakuna aliyeigusa. Kadiri upepo unavyoongeza kasi ndivyo unavyokutana na nuru mpya ya kuuongezea kasi. Leon Lucy na Philip Solomon waliifungua njia ya hesabu hii mwaka 1970, na mwaka 1975 John Castor, David Abbott na Richard Klein wakaikamilisha kwa namna ambayo bado inatumika.

Nguvu ya upepo, basi, inategemea nyota ina chuma na kaboni kiasi gani. Karibu na Wingu Kubwa kuna Wingu Dogo la Magellan, umbali wa miaka ya nuru 200,000 hivi, nalo linaonekana kutoka kwetu hasa miezi ya Oktoba na Novemba. Elementi hizo nzito huko ni kama moja ya tano ya zilizomo kwenye Jua, na Wingu Kubwa lina kama nusu. Nyota za Wingu Dogo zenye ukubwa uleule zina upepo dhaifu zaidi. Ndiyo sababu galaksi hizi mbili ndogo zinathaminiwa sana: ni mahali ambapo mtu anaweza kuupima upepo wa nyota katika hali tofauti na za kwetu.

Upepo ukishatoka, haukuti ombwe tupu. Baina ya nyota kuna gesi, nyembamba mno, mara nyingi atomu 1 au chache tu katika sentimita moja ya ujazo, lakini ipo. Anayefagia uwanja wa mchanga kwa fagio la chelewa analijua linalofuata: mchanga hauondoki tu, unajikusanya mbele ya fagio na kuwa tuta, na kila unavyosonga mbele tuta linanenepa na mkono unakuwa mzito. Upepo wa nyota unafagia hivyohivyo, ila pande zote kwa pamoja, na tuta lake ni ganda la duara.

Kilichomo ndani ya ganda hilo kina mpangilio wake. Karibu na nyota upepo unakwenda huru kwa kasi yake yote. Kisha unafika mahali ambapo unakutana na upepo uliotangulia, uliokwisha kupunguzwa mwendo, na hapo unajigonga. Mwendo unageuka joto: gesi inapanda hadi makumi ya milioni ya nyuzi. Gesi hii ya moto sana inajaza sehemu kubwa ya kiputo, na ndiyo inayolisukuma ganda, kwa kanieneo, yaani kwa kutanuka kwa sababu ya joto lake. Upepo wenyewe kwa kawaida hauligusi ganda moja kwa moja. Nje ya ganda kuna gesi ya kawaida ambayo bado haijapata habari.

Mwaka 1977 Robert Weaver, Richard McCray na wenzao walichapisha hesabu za kiputo cha namna hii. Nyota yenye upepo wa kawaida wa nyota kubwa, ikiwa ndani ya gesi ya atomu 1 kwa sentimita ya ujazo, baada ya miaka milioni 1 itakuwa na ganda lililo umbali wa miaka ya nuru karibu 90 kutoka kwake, likisonga kwa kilomita 16 hivi kwa sekunde. Upepo ulioanza na kilomita 2,000 umeishia kusukuma ukuta unaokwenda 16, kwa sababu ukuta umebeba gesi nyingi mno.

Sasa mwanga. Mionzi ya urujuanimno ya nyota inapofika kwenye ganda inazivunja atomu za haidrojeni, inazing'oa elektroni zao. Baadaye elektroni inarudi kwenye protoni, inashuka ngazi kwa ngazi, na katika moja ya ngazi hizo inatoa nuru nyekundu yenye urefu wa wimbi wa nanomita 656. Huo ndio wekundu wa picha nyingi. Ubuluu unaoelekea kijani unatoka kwa oksijeni iliyopoteza elektroni mbili, kwenye nanomita 501. Mstari huo wa oksijeni una historia yake. William Huggins aliuona mwaka 1864 kwenye gesi ya angani, na kwa kuwa haukufanana na kitu chochote kilichopatikana maabara, watu walidhani ni elementi mpya isiyopatikana duniani. Ira Bowen alionesha mwaka 1927 kuwa ni oksijeni tu. Duniani mstari huo hauonekani kwa sababu atomu zetu zimebanana na hugongana kabla ya kupata nafasi ya kuutoa. Kule, atomu inaweza kukaa peke yake muda wa kutosha.

Ganda ni tufe, lakini kwenye picha tunaona pete. Sababu ni kwamba tukitazama katikati ya kiputo, macho yetu yanapita kwenye unene mdogo wa ukuta wa mbele na wa nyuma. Tukitazama ukingoni, yanapita kwenye ukuta kwa urefu wake, kwa hivyo gesi inayong'aa ni nyingi zaidi. Rangi nazo zichukuliwe kwa uangalifu: picha nyingi za darubini hupewa rangi kwa makusudi ili kuitenganisha gesi moja na nyingine.

Mfano ulio karibu, ndani ya galaksi yetu wenyewe, ni Nebula ya Kiputo, wingu la gesi ambalo kwenye orodha ya wanaastronomia huandikwa NGC 7635, lililogunduliwa na William Herschel mwaka 1787. Darubini ya Hubble ilipotimiza miaka 26 angani, Aprili 2016, ilitolewa picha yake nzima. Nyota iliyomo ina uzito wa kama mara 45 ya Jua, na kiputo kina upana wa miaka ya nuru 7. Tazama picha hiyo vizuri utaona nyota haiko katikati, imeegemea upande mmoja. Si lazima iwe imesogea. Upande huo kuna gesi nzito zaidi, na ukuta umechelewa. Upande wa pili gesi ni nyepesi na ukuta umekwenda mbali. Umbo la kiputo linatuambia habari za gesi iliyokuwapo kabla yake, na ndivyo wataalamu wanavyolisoma.

Tukirudi kwenye Wingu Kubwa, mambo yanakuwa magumu, maana huko nyota kubwa mara nyingi huzaliwa kwa makundi. Viputo vya nyota moja moja vinakutana, kuta zinabomoka, na kinabaki kiputo kikuu kimoja. Vingi vya viputo hivi vina majina yanayoanza na N na nambari, kutoka kwenye orodha ya Karl Henize iliyochapishwa mwaka 1956. Picha za kazi hiyo alizipiga Bloemfontein, Afrika Kusini, na miaka mingi baadaye, mwaka 1985, mtu huyohuyo aliruka angani kama mwanaanga kwenye chombo cha Challenger.

Kimojawapo ni N70, kiputo karibu kamili chenye upana wa miaka ya nuru 300 hivi. Kingine ni N44, ambamo kuna shimo lenye upana wa miaka ya nuru 250. Ukipima kasi ya gesi ndani ya shimo hilo, hailingani na kile ambacho upepo peke yake ungekifanya. Nyota zilizo ndani ya shimo na zile zilizo ukingoni zimepishana umri kwa kama miaka milioni 5, na mabaki ya nyota iliyolipuka yamepatikana jirani. Kwa hivyo hapa mlipuko unaingia kwenye hesabu kwa haki yake.

Upepo na mlipuko vinapishana hivi. Nyota kubwa inaishi miaka milioni chache tu. Katika muda huo upepo wake unaweza kutoa nishati inayokaribia ile ya supanova, yaani mlipuko wa nyota inapokufa. Tofauti ni kwamba upepo unaitoa taratibu na supanova inaitoa kwa mara moja. Katika kundi jipya la nyota, kwa miaka milioni 3 hivi ya mwanzo, upepo ndio unaotawala. Halafu nyota zilizo kubwa zaidi zinaanza kulipuka, mojamoja, na milipuko inaweza kuendelea mpaka kundi lifikie umri wa miaka milioni 40 hivi. Mtu akikuonesha kiputo, uliza kwanza umri wa nyota zake. Pili, uliza mwanga wa salfa. Gesi iliyogongwa na wimbi la mlipuko hutoa nuru ya salfa kwa wingi ikilinganishwa na ule wekundu wa haidrojeni, wakati gesi iliyowashwa na mwanga wa nyota tu hutoa salfa kidogo. Ni kipimo rahisi, na kinafanya kazi vizuri.

Kipimo cha tatu ni joto. Gesi ya mamilioni ya nyuzi hutoa eksirei, ambazo haziwezi kupita kwenye anga letu, kwa hivyo ilibidi darubini za Chandra na XMM-Newton zirushwe mwaka 1999 ndipo viputo vionekane vizuri kwa ndani. Zilionesha kwamba gesi ya moto ipo kweli, kama hesabu zilivyosema, lakini mara nyingi ni hafifu kuliko ilivyotarajiwa. Sehemu ya nishati inapotelea mahali. Kuta zina matundu, na gesi ya moto inavuja. Mpakani pia, gesi ya moto na ya baridi zinachanganyika, na joto linapotea hapo kwa nuru za aina nyingine. Kila njia inachangia kiasi gani, mjadala bado ni mkali.

Nje zaidi, kwenye galaksi ya Triangulum iliyo umbali wa miaka ya nuru milioni 2.7, kuna NGC 604, wingu lenye upana wa miaka ya nuru 1,300 na nyota kubwa zaidi ya 200 ndani yake. Eksirei zake zinaonesha upande wa magharibi viputo vimejazwa na upepo wa nyota changa, na upande wa mashariki supanova zimeshachukua zamu. Na kwenye NGC 628, umbali wa miaka ya nuru milioni 32, picha za darubini ya James Webb ziliwawezesha wataalamu mwaka 2023 kuorodhesha viputo 1,694 katika galaksi hiyo moja. Diski yake nzima imetobokatoboka.

Galaksi yetu nayo ni hivyo, na sisi tumo ndani ya kimoja. Jua na sayari zake ziko katikati ya tundu lenye upana wa miaka ya nuru kama 1,000, linaloitwa Kiputo cha Karibu. Hakionekani kama pete nyekundu kwa sababu nyota kubwa zilizokianzisha zimekwisha kufa, na zilipokufa taa ilizimika. Ukuta bado unasonga, hauna wa kuuwasha. Ilibidi kuuchora kwa kupima mahali pa vumbi na nyota mojamoja. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 ulikadiria kwamba kilianza kama miaka milioni 14 iliyopita, kwa supanova zipatazo 15, na kwamba Jua liliingia ndani yake baadaye, likiwa katika mzunguko wake, kiasi cha miaka milioni 5 iliyopita. Sehemu zote zinazozaa nyota karibu nasi, ndani ya miaka ya nuru 500, ziko juu ya ukuta huo, mahali gesi iliporundikana.

Ushahidi wa milipuko ya jirani upo hata chini ya bahari. Mwaka 2016 watafiti walitangaza kuwa wamepata chuma-60 kwenye tope la vilindi vya Pasifiki, Atlantiki na Bahari ya Hindi. Aina hii ya chuma hupungua kwa nusu kila baada ya miaka milioni 2.6, kwa hivyo kilichokuwapo wakati Dunia inaumbwa kilikwisha zamani. Kilichokutwa huko kimekuja baadaye, kutoka nje, ndani ya vumbi la nyota zilizolipuka, na sehemu kubwa yake ilitua sakafuni baina ya miaka milioni 3.2 na milioni 1.5 iliyopita.